Kabla hujaingia wodini na Biblia: mwongozo kwa vikundi vya kanisa vinavyohudumia wagonjwa Tanga

Mgonjwa mwenye dripu mkononi hawezi kuinuka akaondoka pale unapomchosha. Mtaani ukimhubiria asiyetaka, atakuaga kwa adabu na kushika njia yake. Wodini atafumba macho na kukuvumilia. Karibu kila ninachokielekeza hapa chini kimetoka kwenye hilo.

Nawaandikia watu wa kwetu Tanga: jumuiya ndogondogo, WAWATA (wanawake Wakatoliki), akina mama wa KKKT (Walutheri) na wa Anglikana, wanakwaya, vijana wa makanisa ya kipentekoste. Nyote mnaotamani kuwahudumia wagonjwa katika hospitali za umma, ambako nesi mmoja anahangaika na wodi nzima, na mara nyingine ndugu anaambiwa dawa haipo, akanunue nje.

1. Anza na barua

Kwenye hospitali ya serikali, barua inaandikwa kwa Mganga Mfawidhi, yaani daktari anayeiongoza hospitali, imesainiwa na mchungaji au paroko na kugongwa muhuri wa kanisa. Iwe na majina ya watakaoingia na namba zao za simu, siku na saa mnazoomba, wodi mnazotaka, na mtakachokwenda kufanya. Kama mtaomba na wagonjwa, andikeni hivyo bila kuzunguka. Msifiche maombi nyuma ya neno "misaada". Siku likitokea lalamiko, uongozi utakaowatetea ni ule uliojua tangu mwanzo mlichokuja kufanya.

Hospitali za kanisa zina njia yake. Hospitali Teule ya Muheza ni ya Dayosisi ya Anglikana ya Tanga, na Waanglikana wako upande ule wa Magila tangu miaka ya 1860. Kwa pale ni busara kuanza na kasisi au ofisi ya dayosisi. Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, mali ya serikali, na inapokea watu wa dini zote. Kwamba askofu wenu anafahamika mjini si ruhusa ya kuingia.

Barua ikishajibiwa, kiongozi aende peke yake kumwona muuguzi mfawidhi wa wodi. Aulize ni saa gani hamtagongana na raundi ya madaktari au usafishaji wa vidonda, vitanda gani msisogelee, na wodi inapungukiwa na nini ambacho watu wa kawaida wanaweza kukileta. Jibu la hili la mwisho liandikwe kwenye daftari palepale, maana ndilo litakaloongoza manunuzi yenu yote.

2. Wachache, wazima, wasiopenda kusikika

Watu wanne mpaka sita wanatosha kwa wodi moja. Kwaya nzima ikiingia na spika ya begani, wanaofurahi ni wale wanaokaribia kuruhusiwa. Aliyetoka chumba cha upasuaji alfajiri hana pa kujificha. Kama kuna kuimba, ombeni nafasi nje, uani au barazani, kwa dakika chache, na nesi akisema basi, iwe basi.

Mwenye mafua, kikohozi, homa au kuhara abaki nyumbani hata kama ndiye mwenyekiti. Watoto wasije. Aliyefiwa karibuni apumzike kwanza, maana wodi itamfungulia kidonda chake mwenyewe na wagonjwa ndio watakaogeuka kumbembeleza.

Muwe na vitambulisho vya kanisa shingoni na nguo za kawaida za heshima. Makoti meupe hapana. Mgonjwa akikuona na koti jeupe atakuuliza habari za dawa, na wewe, kwa aibu ya kusema hujui, utajikuta unajibu. Mkiwa na daktari au nesi kanisani kwenu, akija na kikundi aje kama muumini, asishike faili la mtu.

3. Msibebe chakula kabla hamjauliza

Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwetu mgeni hamtembelei mgonjwa mikono mitupu. Ni desturi nzuri, lakini hapa ndipo vikundi vingi vinapofanya madhara bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tanga ina machungwa ya Muheza na madafu kila kona, na vyote viwili vinahesabika kuwa chakula cha mgonjwa. Kwa mgonjwa wa figo ni hatari: dafu, chungwa na ndizi vina potasiamu nyingi, figo iliyochoka haiwezi kuitoa, na ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Mwenye kisukari naye asiletewe soda wala juisi ya pakiti kwa kuwa eti "amepungukiwa nguvu". Mwenye presha au moyo ana mpaka wake wa chumvi. Anayesubiri upasuaji amezuiwa kula na kunywa kabisa, kwa sababu akipewa dawa ya usingizi huku tumboni kuna kitu, anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Atakuomba maji, na utamwonea huruma. Usimpe. Mwite nesi.

Kwa hiyo chakula kinapita kwa nesi kwanza, kitanda kwa kitanda. Nesi hana muda? Basi chakula kisigawiwe siku hiyo.

Mkiruhusiwa kupika, kumbukeni mko pwani. Kwenye wodi za hapa Waislamu ni wengi, na nyama iliyotoka jikoni mwenu itazua swali la nani amechinja, swali ambalo mgonjwa ataona haya kuliuliza. Pikeni samaki, maharage, kisamvu cha nazi, uji. Hakuna wa kutia shaka kwenye bakuli la maharage. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa mwenyewe huenda hafungi, lakini dada yake anayemuuguza amefunga. Msimpelekee sahani saa saba mchana. Mpelekeeni futari kabla ya magharibi, mihogo au tambi na chupa ya chai, halafu mwondoke. Ni huduma ya Kikristo isiyohitaji hotuba.

Vitu visivyoliwa ndivyo vinavyodumu: sabuni ya kipande na ya unga, beseni, ndoo yenye mfuniko, kandambili, mswaki na dawa yake, pedi, nepi, kanga kwa waliojifungua, shuka. Nguo zije zimefuliwa. Dawa msilete hata kidonge kimoja, wala maziwa ya kopo kwa vichanga. Mama aliyejifungua akikuta kopo limeletwa na watu wa Mungu anaweza kuona kama ameambiwa maziwa yake hayafai.

Gawio liwe sawa kwa kila kitanda cha wodi mliyoingia, bila kuuliza dini. Na utoaji usiunganishwe na maombi. Gawa, pumzika, zunguka na salamu, ndipo wanaotaka kuombewa watajitokeza. Ukiweka sabuni mkono huu na kipeperushi mkono huu, umemuuzia.

4. Kitandani

Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kitanda cha kwanza, na tena kila ukimgusa mtu. Maji wodini yakikatika, kitakasa mikono kiwe mfukoni. Wodi ya kifua kikuu ingieni mkiruhusiwa tu, na barakoa usoni. Usikae kitandani kwa mgonjwa. Shuka lile ndilo uwanja wake wote, na mguu uliovunjika unaumia godoro likitikiswa. Vuta stuli, au chuchumaa, macho yako yasimtazame kwa juu.

Salamu ni ile ile ya nyumbani. Kwa mzee wa makamo ya baba yako:

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu."
"Pole na kuumwa. Umeamkaje leo?"
"Alhamdulillahi. Nimeshapoa kidogo."
"Sisi ni watu wa kanisani, tumekuja kuwaona wagonjwa. Naweza kukaa na wewe kidogo, au upumzike?"

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Umejitambulisha, hukujificha, na umemwachia mlango. Akisema "napumzika", mwambie Mungu akupe afueni, nenda kitanda kinachofuata, na usirudi dakika kumi baadaye kujaribu tena. Akikukaribisha, muulize anatoka wapi. Tanga ni mkoa mpana: wengine wametoka Pangani au Mkinga, wengine Kilindi, ambako ndugu hawezi kupanda basi kila wiki kuja mjini. Mgonjwa wa mbali asiye na mtu ndiye mtakayegundua hana kitu kabisa, na pengine siku ya tatu amevaa shati lile lile.

Mwache aongee. Usimwulize "unaumwa nini?" kwa sauti kitanda cha jirani kikisikiliza. Akitaka atasema. Usimwambie shangazi yako naye aliugua hivyo hivyo akafa, wala kwamba alipona kwa mizizi fulani. Ukikosa la kusema, nyamaza ukae. Kwa mtu wa kanisa hilo ni gumu, nakubali, tumezoea kujaza kimya kwa maandiko.

Mikono nayo ihudumu. Nesi akikuomba umlishe mzee uji, mkalishe kwanza, umwekee mto mgongoni. Mtu aliyelazwa chali hupaliwa. Kijiko kisijae. Subiri aone kijiko, afungue mdomo mwenyewe, ameze. Tazama koo linavyopanda na kushuka ndipo uchote kingine. Akikohoa au sauti yake ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha na umwite nesi. Bakuli moja la uji linaweza kula nusu saa. Nesi wa wodi hana nusu saa hiyo, wewe unayo.

Dripu, oksijeni, mpira wa mkojo, bandeji: usiguse. Dripu ikiisha, kamwite nesi. Usilizungushe lile gurudumu la kwenye mpira wake kwa sababu eti uliwahi kuona inavyofanywa.

Na mtazameni anayeuguza. Huyu mama analala chini ya kitanda au nje barazani, anafua, anakimbia dirisha la dawa, na hajaoga vizuri tangu jana. Mwambie, "Dada, mimi nipo hapa saa moja. Nenda kaoge, ule, upige simu nyumbani." Ukimaliza siku nzima umefanya hilo kwa watu wawili tu, umefanya kazi.

5. Maombi

Uliza kila mara, hata kwa Mkristo mwenzako: "Ungependa tuombe?" Kisha uliza tuombee nini. Wengi hawatataja ugonjwa. Watataja mtoto aliyeachwa nyumbani na jirani, au shamba, au deni.

Omba kwa sauti ya kitanda kimoja, dakika moja au mbili. Ukitaka kusoma, Zaburi ya 23 ina mistari sita na ya 121 ina minane, zinatosha. Kukemea pepo wodini hapana. Mgonjwa wa kifafa au wa malaria kali anayeweweseka anahitaji nesi mbio, na kelele zenu zinamwogopesha jirani yake mwenye presha. Kuweka mikono muombe ruhusa, na usiweke kifuani wala tumboni. Mwenye kupaka mafuta, kama ni desturi ya kanisa lenu, apake kidole kimoja kwenye paji la uso, mbali na kidonda, na kwa aliye kwenye oksijeni asipake kabisa: mafuta na oksijeni ni chakula cha moto. Mishumaa ibaki kanisani.

Muislamu anaweza kukubali dua yako, na wengi wa hapa hukubali, tumekua pamoja, tumezikana. Mwombee afueni kwa maneno ambayo hayamtegi. Usitumie maombi yake kumhubiria yeye. Akitaka imamu, mtafutie namba ya imamu. Ukiona hilo ni zito, rudi kwa paroko mkaongee kabla ya zamu ijayo.

Usimwahidi mtu uponyaji. Wala usimwambie aache dawa, au "apumzike nazo kwanza tuone Bwana atendavyo". Dawa za kifua kikuu kwa kawaida ni miezi sita bila kuruka. Anayezikatisha kwa kuwa kikohozi kimetulia anaweza kurudi na kifua kikuu sugu, kigumu kutibu zaidi ya kile cha kwanza. Za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kisukari, presha na kifafa ni hivyo hivyo. Mwanakikundi akisikika akimwambia mgonjwa aache dawa, asirudi wodini. Hapa sina msamaha wa mara ya pili.

6. Pesa: msitoe kitandani

Ombi litakuja, na litakuwa la kweli: kipimo, dawa ya nje, gharama ya kulazwa. Usitoe noti wodini. Vitanda vyote vitaona, na kesho hutaweza kupita.

Mlango wa kwanza ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wamo kwenye msamaha wa gharama, na matibabu ya kifua kikuu na UKIMWI hayalipiwi. Wapo wengine wanaoweza kusamehewa wakithibitika hawana uwezo. Mgonjwa wa kijijini mara nyingi hajui ofisi hiyo ipo, au anaiogopa. Kazi yenu ni kumsindikiza ndugu yake mpaka mlangoni, kumsaidia kueleza, na kumpigia simu mtendaji wa kijiji au wa mtaa atume barua. Sabuni ya kipande haimwondolei mtu deni la wodi. Barua hiyo inaweza.

Msamaha ukishindikana na kikundi kimeamua kulipa, lipeni wenyewe kwa namba ya malipo ya serikali mliyopewa kwenye dirisha la malipo, na mchukue risiti. Si mkononi kwa mtumishi, hata awe mwaminifu namna gani. Risiti ipelekwe kwa mhazini wa kikundi. Dawa ya nje inunuliwe kwa cheti cha daktari, mmoja wenu akiwa na ndugu wa mgonjwa duka la dawa. Wekeni kiwango cha mwezi mapema, ili siku ya huruma kubwa msichukue fedha za wagonjwa wa wiki ijayo.

7. Damu

Kuna kitu ambacho kikundi masikini kabisa kinaweza kutoa na hakinunuliwi dukani. Wanaovuja damu kwenye uzazi, watoto wenye malaria iliyomaliza damu, majeruhi wa bodaboda, hawa wanaihitaji ndani ya saa chache. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na damu yake mwenyewe iwe ya kutosha; atapimwa kabla. Mfuko ni kama mililita 450. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne.

Msipeleke waumini themanini Jumapili moja. Chembe nyekundu zinahifadhiwa wiki tano hivi, kisha zinatupwa. Ni bora jumuiya zipokezane, kumi mwezi huu, kumi ujao, na orodha ya makundi ya damu ikae kwa katibu ili maabara ikipiga simu usiku mjue nani aamshwe. Mchangiaji ale, anywe maji ya kutosha, na asije kutoka zamu ya usiku.

8. Siri

Usipige picha. Najua kundi la WhatsApp la kanisa linataka kuona, na wafadhili pia. Pigeni picha ya maboksi getini. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kutangaza hali ya mtu ya virusi vya UKIMWI ni kosa tangu sheria ya mwaka 2008. Kuna na njia ya kutangaza isiyo na kamera: "Tumuombee mama fulani wa Makorora, amelazwa wodi ile..." Nusu ya kanisa imeshamjua. Ombeeni wagonjwa bila jina, labda mwenyewe aombe atajwe.

9. Waliopoteza mtoto, na wanaoondoka

Wodi ya wazazi ina kitanda cha mama asiye na mtoto katikati ya wenye watoto. Msimpelekee nepi. Muulizeni nesi kwanza kitanda ni kipi, kisha aende mwanamke mmoja tu. "Pole mwanangu" inatosha. Usimwambie Mungu atampa mwingine. Mtoto aliyempoteza alikuwa na jina tayari.

Anayekaribia kufariki, kaa naye kama familia inataka. Mguse mkono, mlowanishe midomo nesi akiruhusu, ongea naye hata kama hajibu. Akifariki, wapisheni watumishi na ndugu. Waislamu watataka kuzika mapema, kwa hiyo msaada unaofaa ni wa haraka: gari, simu, mtu wa kufuatilia karatasi. Kwa wa mbali, kusafirisha mwili mpaka Lushoto au Kilindi ndiko kunakovunja familia, na hapo michango ya jumuiya ina maana kuliko maua.

10. Baada ya zamu

Nawa mikono, badilisha nguo ukifika nyumbani kabla ya kubeba watoto. Kaeni dakika kumi chini ya mti, kila mtu aseme kimoja kilichomlemea. Atakayekaa kimya zamu mbili mfululizo mpeni mapumziko.

Wanaoruhusiwa ndio wanaosahaulika kuliko wote. Mtu anaandikiwa aende nyumbani, hana nauli, anakaa benchi la nje mpaka jioni. Mfuko wa nauli, hata mdogo, uwepo, tiketi ikatwe na mmoja wenu stendi. Kabla hajapanda basi, muulizeni dawa anazoondoka nazo anazitumia vipi, na asipojua mrudisheni dirishani aelezwe tena. Tarehe ya kurudi kliniki ipo kwenye kadi yake. Iandikeni kwenye daftari la kikundi pamoja na namba ya simu ya ndugu au jirani, mkampigie wiki moja kabla, wakati bado kuna muda wa kutafuta nauli ya kurudi.